Zarika: Mkanda alioufuata ugenini

SHABIKI wa soka anajua ladha ya pointi tatu za ugenini. Uwanja umejaa watu wa mwenyeji, kila faulo inapigiwa kelele, na sare tu inatosha kukufanya urudi nyumbani umeinua kichwa. Sasa kwenye ngumi sare haikusaidii kitu. Ukienda kumfuata bingwa, mkitoka sare mkanda unabaki kwake. Lazima ushinde, na ushinde mbele ya majaji ambao hawakujui.

Hicho ndicho kibarua alichokuwa nacho Fatuma Zarika wa Nairobi, Oktoba 1, 2016, mjini Flint, jimbo la Michigan, Marekani. Mbele yake alisimama Alicia Ashley, mzaliwa wa Jamaika, bingwa wa dunia wa WBC uzani wa super bantam. Ashley alikuwa na miaka 49. Kama umecheka, subiri kwanza. Huyo mama anapigana kwa mkono wa kushoto, miguu yake haitulii, na mabinti wengi walioingia ulingoni wakidhani wanakwenda kumstaafisha walimaliza usiku wakipiga hewa.

Zarika mwenyewe hakuwa chipukizi. Alishavuka miaka 30, ngumi za kulipwa alizianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, na rekodi yake ilikuwa na vipigo kadhaa vya ugenini. Kwa hesabu za mapromota, bondia wa namna hiyo huitwa kuja kumpa bingwa mazoezi. Anapokea chake, anapigwa kwa pointi, anapanda ndege.

Safari hii mambo yakageuka. Mapambano ya wanawake ya ubingwa wa WBC ni raundi 10, kila moja dakika mbili, tofauti na wanaume wanaopiga raundi 12 za dakika tatu. Dakika mbili ni chache mno. Ukikaa unamsoma mpinzani, kengele imelia na raundi imekwenda kwake. Kwa hiyo anayesukuma mbele na kurusha ngumi nyingi ana faida, na kusukuma mbele ndiyo kazi anayoijua Zarika. Hawamwiti 'Iron Fist' bure. Majaji wawili kati ya watatu wakampa ushindi, na Kenya ikapata mwanamke wake wa kwanza kuvaa mkanda wa dunia wa WBC.

Ni haki kusema kwamba njia hiyo ilishafyekwa. Kabla yake alikuwepo Conjestina Achieng wa Siaya, ambaye ndiye aliyewafanya Wakenya wakae mbele ya runinga kutazama wanawake wakizichapa. Zarika aliikuta njia, akaenda nayo mbali zaidi. Na hakuianza akiwa na raha. Alipata mtoto angali binti mdogo, na ngumi zikawa sehemu ya kutafuta unga wa nyumbani.

Baada ya Flint, ngoma ikahamia Nairobi. Desemba 2017 alimpiga kwa pointi Catherine Phiri wa Zambia, na huyo naye alishawahi kuwa bingwa wa dunia wa WBC, uzani wa bantam. Septemba 2018 akaja Yamileth Mercado kutoka Mexico, binti wa miaka 20. Hili ndilo lililokuwa gumu kuliko yote ya nyumbani. Mercado alikuwa na kasi, alikuwa na pumzi, na majaji wakagawanyika tena. Zarika akapona kwa chupuchupu. Machi 2019 Phiri alirudi kudai chake, akapigwa tena.

Mapambano hayo ya Nairobi yalikuwa na fedha za SportPesa, jina ambalo watu wa soka waliliona kwenye jezi za Gor Mahia na AFC Leopards. Agosti 2019 kampuni hiyo ilisitisha udhamini wake wa michezo Kenya. Klabu za soka zilivyohangaika kila mtu anakumbuka. Za mabondia hazikuandikwa sana.

Novemba 16, 2019, Zarika alitetea mkanda wake huko Chihuahua, jimbo analotoka Mercado. Sasa yeye ndiye bingwa, lakini ukumbi ni wa mwenzake, wimbo ni wa mwenzake, na yule binti wa Nairobi alishaongeza mwaka mmoja wa ujanja. Safari hii majaji hawakugawanyika. Wote walimpa Mercado.

Mercado akaukalia mkanda huo kwa miaka. Agosti 2021 alipanda uzani kumfuata Amanda Serrano mjini Cleveland, Marekani. Akamaliza raundi zote 10 akiwa wima, akapoteza kwa pointi, akarudi Mexico na mkanda wake wa super bantam.