Setilaiti Inavyousoma Mzabibu

Jani bichi la mzabibu hunyonya mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, lakini miale ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni, huirudisha angani kwa wingi. Jani likiugua, likizeeka au likikosa maji, uwiano huo huvurugika, wakati mwingine kabla mkulima hajaona dalili yoyote ya unjano. Uwiano huo ndio setilaiti inaousoma. Zabibu zenyewe haizioni, wala utamu wake.

Kipimo kinachotumika zaidi ni NDVI, kilichobuniwa baada ya Marekani kurusha setilaiti ya Landsat 1 mwaka 1972. Hesabu yake haina ugumu: toa mwekundu kwenye infraredi, kisha gawanya jibu kwa jumla ya vyote viwili. Majani yanayorudisha asilimia 45 ya infraredi na asilimia 5 ya mwekundu hupata 0.8. Udongo mtupu unaorudisha 28 na 20 haufiki hata 0.2.

Kwenye ngano iliyofunika ardhi yote, hesabu hiyo hutosha. Mizabibu ina tabu yake, kwa sababu hupandwa kwa mistari inayoachana. Sentinel-2, setilaiti za Ulaya zilizoanza kurushwa mwaka 2015, hupiga picha kutoka kimo cha kilomita 786, na nukta moja ya picha hufunika mita 10 kwa 10. Mistari ikiachana mita 2.5, nukta hiyo hubeba mistari minne pamoja na udongo, vivuli na nyasi za katikati. Mvua ikinyesha nyasi zikaota, namba hupanda hata kama mzabibu haujaongeza jani. Kwa hiyo picha ya kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka, ni ya kuaminika zaidi.

Katika bonde la Napa, California, kazi hii ilisukumwa na janga. Filoksera, mdudu mdogo anayefyonza mizizi, alikuwa akiyala mashamba kwa mabaka yanayotanuka mwaka hadi mwaka. Mwaka 1993 watafiti wa kituo cha Ames cha NASA, wakishirikiana na kampuni ya mvinyo ya Robert Mondavi, walianza kuyachora mabaka hayo kwa picha zilizopigwa na ndege. Baadaye setilaiti ya IKONOS, yenye nukta za mita 4, ilitumika hukohuko kukadiria wingi wa majani ya mizabibu.

Kosa baya katika kusoma ramani hizi ni kudhani kwamba kijani kingi ni heri. Mzabibu uliojaa majani kupita kiasi hufunika vichala, hewa haipiti, ukungu hushamiri na zabibu huchelewa kuiva. Thamani ya ramani iko katika tofauti ndani ya shamba moja: upande huu upunguzwe majani, ule uongezwe maji, na zabibu za pande hizo zivunwe siku tofauti na kusindikwa mbalimbali. Lakini ramani haitaji sababu. Baka la rangi hafifu laweza kuwa ugonjwa, mpira wa maji ulioziba au udongo wenye mawe, na ni mtu aliyesimama kwenye mstari, akigeuza jani na kuchimbua mzizi, atakayejua.

Dodoma, kitovu cha zabibu nchini Tanzania, huvuna mara mbili kwa mwaka, na mawingu ya masika huficha sehemu kubwa ya msimu wa kwanza. Msimu wa pili hukua chini ya anga safi zaidi. Kikwazo kingine ni ukubwa wa mashamba. Ekari moja ina nukta 40 tu za Sentinel-2, na za pembeni huchanganyika na shamba la jirani. Zilizo safi hubaki kama 25 hadi 30. Picha hizo hutolewa bure, na zinatosha kuonyesha ekari iliyodhoofika kuliko nyingine. Kuutambua mstari mmoja kunahitaji droni, au miguu ya mkulima.