Seva nzito: tazameni diski kabla ya kutoa pesa

Ofisi nyingi ndogo hapa Mombasa, za mawakala wa forodha, zahanati, hata madrasa, hazina haja ya kununua kompyuta tatu kwa kazi tatu. Seva moja yatosha, ndani yake kukawa na mashine pepe: moja ya hesabu, moja ya barua pepe, moja ya kuweka faili. Shida huja pale programu ya hesabu inapochukua dakika nzima kufungua ukurasa, na fundi akasema, "Ongezeni prosesa."

Ngojeni kwanza. Mara nyingi prosesa haina kazi, imekaa inasubiri diski. Ikiwa seva ni ya Linux, andikeni vmstat 1 kisha mtazame safu ya "wa". Ikipanda kila watu wanapokwama, pesa ya prosesa itakwenda bure.

Mashine pepe haina diski yake. Huonyeshwa diski ya kuigiza, inayotengenezwa na programu kama QEMU. Ikiwa imewekewa diski ya kizamani ya IDE, basi kila ombi la kusoma au kuandika huisimamisha mashine pepe mara kadhaa, seva ishike kazi, kisha iirudishe. Ni hamali anayebeba gunia moja, akaandikishwa getini, akarudia la pili.

Dawa ni virtio, aliyoianzisha Rusty Russell na ikaingia kwenye Linux mwanzoni mwa 2008. Hapo mashine pepe hujua kuwa ni pepe. Hupanga maombi mengi kwenye sehemu ya memori ambayo seva nayo inaiona, kisha hupiga hodi mara moja. Hamali amepata mkokoteni. Kadi ya mtandao ni vivyo hivyo. Linux ina draiva zake tayari, Windows hadi uiwekee. Mkiihamisha diski ya kuwashia Windows bila draiva, haitawaka; ongezeni kwanza diski ndogo ya pili ya virtio, wekeni draiva, ndipo muihamishe ile kubwa.

Lakini virtio haifanyi muujiza. Diski inayozunguka mara 7200 kwa dakika hupoteza wastani wa milisekunde 4 kusubiri mzunguko tu, bila kuhesabu mwendo wa kichwa chake. Kwa maombi ya hapa na pale haitoi zaidi ya mia na kitu kwa sekunde, na mashine pepe tatu zikiligombania hilo, kila moja hupata makombo. Kama ni kununua, nunueni SSD.

Lililonifanya niandike ni jingine. Wako mafundi wanaoweka kache ya diski kuwa "unsafe". Kasi yake yatamanisha, wallahi. Lakini programu ya hesabu ikiomba data iandikwe diskini kikweli, QEMU hujibu "tayari" hali data bado iko kwenye memori. Stima ikipotea, na stima yetu twaijua, risiti za mchana zaweza kwenda nayo, au faili zima la hesabu likaharibika. Zahanati itapoteza rekodi za wagonjwa, na mgonjwa wa sukari hawezi kuambiwa akumbuke mwenyewe dozi zake zote.

"Unsafe" ni ya mashine za majaribio. Kwa kazi za watu tumieni "none", ambayo haipuuzi ombi hilo la kuandika. Mwambieni fundi afungue mipangilio ya diski mbele yenu, mlisome neno lenyewe lililoandikwa pale.