Potwe Wangapi, Nazi Kiasi Gani?

Nazi ya kisiwa cha Mafia huhesabiwa mwanzoni tu mwa safari yake. Ikishaangushwa na mkwezi na kulundikwa chini ya mnazi, mwenye shamba na mnunuzi wote wanataka kujua ni ngapi. Ikipasuliwa na kukaushwa ikawa mbata, swali hilo hufa, maana mbata huenda kwenye mizani. Ikikamuliwa mafuta, huulizwa lita. Na ile iliyopelekwa jikoni ikakunwa, hutajwa mezani tu: "Wali huu una nazi nyingi." Asemaye hivyo hana maana ya nazi nne au tano. Ana maana kwamba tui limekolea.

Shambani ni nazi nyingi, na kwenye sahani ni nazi nyingi vilevile. Kiswahili kimetumia neno moja na hakuna aliyechanganyikiwa. Kiingereza hapo hugawa njia: za shambani ni "many coconuts", ya kwenye wali ni "much coconut", tena bila ile "s" ya wingi. Kijana wa Utende anayejifunza Kiingereza ili apeleke wageni baharini hukutana na njia panda hii kila siku. "Many" au "much"? "Few" au "little"? Shuleni huambiwa kanuni moja: jina linalohesabika huchukua la kwanza, lisilohesabika huchukua la pili. Kanuni ni sahihi, lakini haimwambii lililo muhimu zaidi, yaani kwamba jina la kitu halikai upande mmoja milele.

Otto Jespersen, mtaalamu wa lugha wa Denmark, alilichambua jambo hili katika kitabu chake cha falsafa ya sarufi cha mwaka 1924. Alieleza kwamba yapo majina yanayotupa picha ya kitu chenye umbo na mipaka, na yapo yanayotupa picha ya mada tu, kama maji au siagi, ambayo ukiikata nusu bado ni ileile. Kata mtumbwi vipande viwili, huna mitumbwi miwili. Gawa maji ya ndoo kwenye ndoo mbili, yote ni maji. Mpaka hapo mtu anaweza kudhani tofauti iko kwenye vitu vyenyewe na lugha inaiga tu.

Mwaka 1975 mwanafalsafa Francis Jeffry Pelletier akaleta wazo alilosema amelipata kwa mwenzake David Lewis. Tuseme ipo mashine ya kusaga chochote. Unaingiza kitu kinachohesabika upande mmoja, upande wa pili inatoka mada. Ingiza mnyama, ingiza tunda, ingiza hata kiti. Kinachomwagika sakafuni hakina tena moja wala mbili, na Kiingereza kitakitaja bila "a" na bila "s". Jina lolote, kwa hiyo, linaweza kuvuka mpaka likipata mazingira yake. Wanafalsafa wameijadili mashine hiyo kwa miaka mingi kama kitu cha kufikirika. Kisiwani Mafia mashine hiyo ipo karibu kila nyumba, ina miguu na meno ya chuma, na huitwa mbuzi. Unaikalia, unakuna, na "many" inageuka "much" ndani ya sinia.

Safari ya kurudi ipo pia, na hii Kiswahili kinaifanya bila haya. Nenda kwenye duka lolote la Kilindoni useme "nipe maji mawili na soda tatu." Muuzaji hatakusahihisha, atatoa chupa. Maji yamefungashwa, yakapata moja na mbili. Mwingereza naye akiwa hotelini husema "two coffees", ingawa mwalimu wake alimwambia kahawa haihesabiki.

Hapa nataka kupinga jambo linalosemwa sana, kwamba Kiswahili hakina tofauti hii na ndiyo maana inatusumbua. Si kweli. Kwenye -ingi kweli hatutofautishi: watu wengi, maji mengi, sukari nyingi. Lakini shuka upande wa uchache uone. Tunasema watu wachache, mitumbwi michache, siku chache. Hatusemi sukari chache wala unga mchache, tunasema sukari kidogo, unga kidogo. Na kwenye kuuliza, -ngapi huenda kwa vyenye idadi, "kiasi gani" kwa vingine. Anayeuliza "unga mngapi?" atachekwa hata na mtoto. Kwa hiyo "few" na "little" mzungumzaji wa Kiswahili anazo tayari kichwani: "few" huja pale ambapo angesema -chache, "little" pale ambapo angesema kidogo. Kinachomshinda ni upande wa wingi tu, na huko Kiingereza kimemwachia mlango wa nyuma. "A lot of" na "plenty of" hufanya kazi kama -ingi yetu, hukaa na nazi za shambani na za kwenye wali. Ningekuwa mwalimu ningeanzia hapo, "much" ningeiacha kwa baadaye, hasa kwa kuwa Waingereza wenyewe huitumia zaidi katika kukana na kuuliza.

Wala ngeli hazitusaidii kujua kipi kinahesabika. Maji, mafuta, maziwa na matope yamevaa ma- ileile ya wingi inayovaliwa na madafu na majahazi, jambo la kawaida kwa vimiminika katika lugha nyingi za Kibantu. Unga na uji wako kwenye u-, mchanga, mchele na moshi kwenye m-, sukari na chumvi zimekaa na nyumba na ngalawa. Badala ya ngeli tunatumia vigawio: punje ya mchele, tone la mafuta, tonge la ugali, fungu la dagaa, mtungo wa samaki, chane ya ndizi, mche wa sabuni. Zamani kwenye pwani hii nafaka ilikwenda kwa kibaba na pishi, vibaba 4 kwa pishi moja. Ni hazina kubwa, na Kiingereza nacho kina ya kwake, ikiwemo "a piece of".

Na "a piece of" ndiyo inayohitajika pale Kiingereza kinapofanya ukaidi. Habari tatu ni tatu, mizigo miwili ni miwili. Lakini "information", "luggage", "furniture", "equipment" na "advice" haziongezwi "s" wala hazipokei "many". Kiti kinahesabika, meza inahesabika, vikiwekwa pamoja vikaitwa "furniture" ghafla vinakuwa kama uji. Mwanafunzi anayeandika "furnitures" amefikiri vizuri kuliko lugha anayojifunza, ingawa alama zake zitakatwa.

Kwamba amefikiri vizuri kuna ushahidi. David Barner na Jesse Snedeker walichapisha mwaka 2005 jaribio walilofanya kwa watu wazima na watoto wa miaka 4, wote wasemaji wa Kiingereza. Mtu mmoja kwenye picha ana vitu vichache vikubwa, mwingine ana vingi vidogo, na jumla ya ukubwa iko kwa yule wa vichache. Nani ana zaidi? Walipoulizwa kwa viatu, walichagua mwenye idadi. Kwa dawa ya meno, walichagua mwenye ujazo. Kwa "furniture", neno ambalo sarufi inalihesabu pamoja na dawa ya meno, walichagua mwenye idadi, sawa na viatu. Kisha neno linaloweza kukaa pande zote mbili, "stone": likiwa na "s" waliangalia idadi, likiwa halina waliangalia ukubwa. Akili, kumbe, inaona viti hata pale sarufi inapovificha, na papo hapo herufi moja inatosha kuielekeza ihesabu au ipime.

Mapema zaidi, mwaka 1991, Nancy Soja, Susan Carey na Elizabeth Spelke walikuwa wamewaonyesha watoto wa miaka 2, ambao sarufi hii hawajaishika, vitu vigumu na vitu vya ute na kuvipa majina ya kubuni. Kitu kigumu kikivunjwa vipande, watoto hawakuvipa vipande jina lile. Walilipeleka kwa kitu kingine chenye umbo kama lile, hata kama kimetengenezwa kwa mada tofauti. Ute ulipotawanywa, jina lilibaki na ute. Msomaji mwenye mtoto mdogo anaweza kujaribu jikoni kwake swali la Barner na Snedeker kwa nazi mbili kubwa na vidaka sita, akauliza ni wapi kuna nyingi zaidi.

Waingereza nao huteleza kwenye mpaka wao. Kanuni ya "fewer" kwa vinavyohesabika na "less" kwa visivyohesabika ilipendekezwa na Robert Baker mwaka 1770, tena kama jambo alilopendelea yeye. "Less" ilikuwa imetumika kwa vyenye idadi tangu maandishi ya Mfalme Alfred katika karne ya 9. Mwaka 2008 maduka ya Tesco yalibadilisha mabango ya "10 items or less" yakaandika maneno mengine kabisa, ugomvi uishe.

Sasa twende majini, upande wa magharibi wa kisiwa, mbele ya Kilindoni. Kuanzia Oktoba hivi hadi Machi potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huja hapo karibu na ufuko. Potwe anahesabika kuliko karibu kila kiumbe cha bahari, kwa sababu mabaka yake meupe nyuma ya matamvua hayafanani na ya mwenzake. Mwaka 2005 mwanafizikia wa nyota Zaven Arzoumanian, mtaalamu wa kompyuta Jason Holmberg na mwanabiolojia Brad Norman walionyesha kwamba hesabu iliyobuniwa kulinganisha picha za nyota inaweza kulinganisha mabaka hayo na kumtambua potwe mmojammoja. Pwani ya Kenya humwita papa shilingi, na kwa kweli anasomwa kwa shilingi zake. Zaidi ya potwe 100 wa Mafia wamekwisha tambuliwa kwa picha, wengi wao madume ambao hawajakomaa. Hao ni "many".

Wanachokula ni "much". Watafiti waliochota maji pale potwe walipokuwa wakila waliyakuta yamejaa kamba wadogo sana, na chakula hicho huchujwa kwa wavu mwembamba na kuandikwa kama uzito kwa kila mita ya ujazo ya maji. Sampuli hiyohiyo ikiwekwa chini ya hadubini, kamba hurudi kuwa mmoja, wawili, watatu. Ripoti moja, kiumbe kilekile, na mwandishi wake lazima abadili "much" kuwa "many" kati ya ukurasa na ukurasa.

Kwa mwongoza watalii, hatari kubwa iko kwenye herufi moja tu. "There are a few whale sharks today" humfanya mgeni avae miwani ya kuzamia. Ondoa "a", iwe "there are few", mgeni anasikia kwamba ni wachache mno, hakuna haja ya kwenda, na boti inabaki ufukoni. Kiswahili kingesema wachache wapo, au wachache tu.

Na kuhusu miezi ya Juni na Julai, "few" ilikuwa jibu la kila mtu, mpaka E. Fernando Cagua na wenzake walipochapisha mwaka 2015 matokeo ya vifaa vya sauti walivyowafunga potwe wa Mafia. Vipokezi vilivyozamishwa baharini viliendelea kuwasikia msimu ambao macho hayawaoni. Hawakuwa wamehama, walikuwa wamesogea mbali na ufuko na kushuka kina zaidi. Mwongozaji anayetaka kuwa sahihi mwezi wa Juni aseme "we see few", asiseme "there are few".