Vidonge vya Kumeng'enya Chakula na Uchovu wa Mwili



Katika mkutano wetu uliopita mwenzetu mmoja alisimama na chupa ya vidonge mkononi. Ameletewa na mkwewe akaaye Mpanda, huko Katavi, aliyeambiwa dukani kuwa vidonge hivyo huyeyusha chakula na kurejesha nguvu. Mwenyewe tangu msimu uliopita hawezi kumaliza mti mmoja wa karafuu bila ya kushuka kupumzika. Akauliza, je, vyafaa?

Vyafaa kwa wachache. Ndani yake mna vimeng'enya, navyo mwili wenyewe huvitengeneza mdomoni, tumboni na hasa katika kongosho, ili chakula kivunjike na kuingia damuni. Jikoni twavijua bila ya kuvitaja: nyama ngumu hulainishwa kwa papai bichi, na afanyaye kazi ile ni kimeng'enya kilichomo katika utomvu wake. Ambaye kongosho lake limeharibika huihitaji dawa hii. Yeye hukonda, na choo chake huwa na mafuta na harufu kali. Ambaye kongosho lake ni zima hapati nguvu kwa kuongezewa. Tena wengi hawana habari kuwa dawa itolewayo hospitali kwa ugonjwa huo hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe, basi Mwislamu na aulize kwanza.

Sasa uchovu watoka wapi? Huko Mpanda mtu angefikiri malaria, na pia malale, kwani pori la Katavi lina mbung'o wengi. Kwetu Pemba adui wa zamani ni safura. Minyoo yake huingia kwa nyayo za aendaye pekupeku penye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na choo, ikashika utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo kila siku. Uchunguzi wa miaka ya 1990 kwa watoto wa skuli hapa Pemba ulionyesha kuwa safura ilikuwa sababu kubwa ya kupungukiwa na chuma damuni. Watoto wakagawiwa dawa maskulini. Sisi wachumaji hatukuwamo katika mstari ule.

Mwenye damu haba huchoka akipanda, moyo humwenda mbio, na ndani ya kope huwa peupe. Nilimtazama mwenzetu kope pale pale mkutanoni, nikamwambia akapime damu na choo.

Amekwenda, na safura imeonekana. Amepewa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma, asivimeze kwa chai, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini. Chupa ya Mpanda angali nayo kabatini.

Katibu