Kawia Ufike: Mchezaji wa Udongo na Nafasi Yake Kwenye Nyasi

Aghalabu mjadala kuhusu wachezaji wa tenisi nchini Kenya huishia kwenye umri. Mchezaji akifikisha miaka 23 au 24 kabla ya kuingia katika orodha ya 100 bora duniani, husemwa kwamba wakati wake umeshapita. Makala haya yanadhamiria kulipima dai hilo kwa kigezo kigumu kuliko vyote katika mchezo huo, nacho ni uwanja wa nyasi. Swali lenyewe ni hili: mchezaji aliyefunzwa kwenye udongo wa Nairobi, akachelewa kung'aa, ana nafasi gani ya kushinda Wimbledon?

Mintarafu ya swali hilo, yafaa kuanzia Upper Hill. Nyuma ya majumba marefu ya benki na bima, kando ya Barabara ya Ngong, vimo viwanja vya udongo vya Nairobi Club. Hapo ndipo yalipoandaliwa mashindano ya kundi la tatu la Kombe la Davis, kanda ya Afrika, mnamo Juni 2018. Udongo una tabia zake. Mpira unapougusa huzuiwa kasi, kisha hudunda juu, hata usawa wa bega. Mchezaji hupata muda wa kurudi nyuma, kujipanga na kuupiga kwa nguvu huku akiuzungusha. Miguu nayo huteleza kwa hiari yake, jambo ambalo mtoto wa udongo hujifunza mapema kama anavyojifunza kutembea.

Zaidi ya hayo, upo mwinuko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mpira husafiri kwa kasi zaidi hewani na mzunguko wake hauikamati hewa vizuri. Kanuni za kimataifa zinaruhusu mipira ya aina maalumu mahali palipoinuka kupita mita 1,219, ili mchezo usiwe wa kukimbizana na mipira inayotoka nje. Basi mchezaji wa Upper Hill hukua akiwa na mazoea mawili: mpira unaopaa kwa kasi hewani na mpira unaodunda juu baada ya kugusa chini.

Nyasi huyavunja mazoea hayo. Kule Wimbledon hukatwa zikabaki na urefu wa milimita 8 tu, na mpira ukizigusa hauzuiwi sana. Huteleza na kubaki chini, wakati mwingine usawa wa goti au chini yake. Mwenye kuteleza kwa miguu kama afanyavyo kwenye udongo huanguka. Mpigo wa kuanzisha mchezo huwa na thamani maradufu, na vivyo hivyo mpigo wa kuukata mpira kwa chini ili udunde kidogo mno. (Mpigo huu Kiswahili bado hakijaupa jina linalokubalika na wote, na ni hasara, kwa kuwa ndio silaha ya maskini kwenye nyasi: haudai mwili mkubwa, wadai mkono mwerevu.) Ikumbukwe pia kwamba tangu mwaka 2001 Wimbledon imekuwa ikitumia nyasi za aina moja tu badala ya mchanganyiko wa aina mbili, na ardhi yake imekuwa ngumu zaidi. Mpira sasa hudunda juu kuliko ulivyodunda zamani. Mabadiliko hayo yamempunguzia mchezaji wa udongo adhabu, ingawa hayajamwondolea.

Kenya inalo jina la kutaja katika mjadala huu. Mnamo Julai 2022, Angella Okutoyi, aliyelelewa Nairobi, alishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi kutwaa taji la wasichana chipukizi la Wimbledon, mchezo wa wawili wawili. Waliwashinda Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko kwa 3-6, 6-4, 11-9. Hakuna Mkenya aliyekuwa ametwaa taji la chipukizi katika mashindano makuu manne kabla yake. Baadaye Okutoyi alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, na mnamo Machi 2024 akanyakua dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Mboko, aliyeshindwa siku ile, ni mdogo wake kwa zaidi ya miaka miwili. Agosti 2025 alishinda mashindano ya wakubwa ya Montreal akiwa na miaka 18. Ulinganisho huu ndio unaowafanya wengi wakate tamaa kuhusu Mkenya. Hata hivyo, ulinganisho wa haki ungefanywa na waliofanana naye kwa asili na njia.

Wa kwanza ni Ons Jabeur wa Tunisia. Alishinda taji la chipukizi la Ufaransa, kwenye udongo, mwaka 2011. Halafu ikapita miaka kumi mizima kabla ya kushinda taji lake la kwanza katika ziara kuu ya wanawake, naye akalishinda Birmingham, Juni 2021, kwenye nyasi, akiwa na miaka 26. Mkono wake wa kukata mpira na kuudondosha karibu na neti ndio uliomfikisha fainali za Wimbledon za 2022 na 2023. Alizipoteza zote mbili, kwanza kwa Elena Rybakina, kisha kwa Markéta Vondroušová.

Wa pili ni Kevin Anderson, mzaliwa wa Johannesburg, jiji lililoinuka kama Nairobi. Naye alipitia chuo kikuu Marekani. Mwaka 2018 alifika fainali ya Wimbledon akiwa na miaka 32, baada ya kumwondoa Roger Federer kwa 13-11 katika seti ya tano. Alishindwa na Novak Djokovic. Aliyemfikisha huko ni mpigo wake wa kuanzisha, na mpigo huo hauzeeki haraka kama miguu.

Si kila aliyechelewa hufaidika. Francesca Schiavone wa Italia alishinda Ufaransa mwaka 2010 akikaribia miaka 30, na wiki chache baadaye akatolewa Wimbledon katika raundi ya kwanza. Li Na wa China alishinda huko huko mwaka 2011 akiwa na miaka 29, akatolewa Wimbledon katika raundi ya pili. Wote wawili hawakuwahi kuvuka robo fainali ya Wimbledon. Kinyume chake, Goran Ivanišević wa Kroatia alishinda mwaka 2001 akiwa wa 125 duniani na ameingia kwa kualikwa tu. Lakini alikuwa ameshapoteza fainali tatu kwenye nyasi zizo hizo. Kwa hiyo kinachoamua si kuchelewa kwenyewe. Aliyechelewa huku akikusanya miaka ya nyasi hupata tija. Aliyechelewa akikusanya miaka ya udongo hufika mgeni.

Hapo ndipo tatizo la mchezaji wa Upper Hill lilipo. Msimu wa nyasi huanza Juni na kumalizika Julai, takriban wiki tano katika mwaka. Vyuo vya Marekani huchezea viwanja vigumu, hivyo Auburn haimpi nyasi kama ambavyo Nairobi haikumpa. Na ili kuingia hata hatua ya mchujo ya Wimbledon, mchezaji huhitaji kuwa miongoni mwa takriban 230 bora duniani. Bila kufika hapo hazoei nyasi, na bila kuzoea nyasi ile michezo michache ya Juni haimpi pointi. Taji la mchezaji mmoja mmoja, kwa hiyo, ni matumaini finyu, na kulificha jambo hilo ni kumdanganya binti wa watu.

Mchezo wa wawili wawili ni habari nyingine. Humo mbio ni fupi, macho na mikono hushinda miguu. Paul Wekesa, aliyekuwa wa 100 duniani mwaka 1995, alipata mataji yake matatu ya ziara kuu katika mchezo huo. Taji la Okutoyi nalo ni la huko. Mwaka 2023, taji la wanawake wawili wawili la Wimbledon lilitwaliwa na Hsieh Su-wei wa Taiwan na Barbora Strýcová wa Jamhuri ya Cheki, kila mmoja akiwa na miaka 37. Okutoyi atafikisha umri huo Januari 2041.