HEWA YA KUTOSHA KATIKA CHUMBA CHA KULALA

Watu wengi wameacha nyumba za nyasi na makuti, wakajenga za matofali na mabati. Jambo hilo ni jema, nasi twalisifu. Lakini nyumba ya zamani ilikuwa na uwazi kati ya ukuta na paa, na hewa ilipita humo usiku kucha pasipo mtu kuifikiria. Fundi wa nyumba mpya mara nyingi huuziba uwazi ule, na mwenye nyumba hufunga madirisha kwa kuogopa wezi, mbu na baridi. Basi yafaa tujue hesabu ya hewa kama tujuavyo hesabu ya matofali.

Mtu mzima aliyetulia hutoa katika pumzi zake kadiri ya lita 18 za hewa ya ukaa kwa saa moja. Kwa kiasi hicho hewa hiyo si sumu, bali hutuonyesha pumzi za watu zilizobaki chumbani ni nyingi kiasi gani. Mwaka 1858 mtaalamu Max von Pettenkofer wa mji wa Munich, Ujerumani, alisema kuwa hewa ya ukaa chumbani isizidi sehemu moja katika sehemu 1,000. Kipimo hicho chafuatwa na wengi hata leo.

Na tupige hesabu. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Hewa ya nje tayari ina kadiri ya lita 0.4 za hewa ya ukaa katika kila lita 1,000, kwa hiyo kila mita ya ujazo yaweza kupokea lita 0.6 tu zaidi. Gawanya 18 kwa 0.6, utapata 30. Maana yake, kila mtu ahitaji mita za ujazo 30 za hewa mpya kila saa. Mtoto, na mtu aliyelala, hutoa pungufu ya hayo, lakini tusiwapunjie.

Tuseme chumba kina urefu wa mita 3, upana mita 3 na kimo mita 2.5, na ndani yake hulala watu wanne. Ujazo wake ni 22.5, nao wahitaji 120 kila saa. Yaani hewa yote ibadilike zaidi ya mara tano. Kama chumba hicho kingezibwa kabisa, na wote wanne wakawa macho, mpaka wa Pettenkofer ungepitwa kabla ya robo saa kwisha. Walimu waweza kuwapa wanafunzi hesabu hii, kisha wakapima darasa lao wenyewe.

Je, tundu liwe kubwa kiasi gani? Upepo mdogo sana, wa nusu mita kwa sekunde, ukipita katika matundu mawili yanayokabiliana, kila moja sentimita 30 kwa 35, huleta mita za ujazo 120 hivi kwa saa. Tundu moja peke yake halifanyi kazi hiyo, kwa kuwa hewa haiingii vizuri isipopata pa kutokea. Wavu wa mbu huzuia upepo. Anayeutia, naye afanya vyema, na apanue tundu.

Faida yake si kuondoa harufu tu. Vijidudu vya kifua kikuu, alivyovitangaza Robert Koch mwaka 1882, hutoka kwa kikohozi cha mgonjwa na kuelea hewani kwa saa nyingi. Palipo na mgonjwa madirisha yafunguliwe wazi, na hesabu yetu ya 30 haitoshi.

Wala haitoshi kwa jiko la mkaa. Mkaa unaowaka hutoa hewa nyingine, yenye sumu kweli, isiyo na harufu wala rangi, nayo humwua mtu usingizini. Usiku wa baridi wako walioingiza jiko ndani, wakafunga mlango, wasiamke. Jiko na lilale nje, hata kama makaa yanaonekana kuwa majivu.