Karakana ya Nyumbani Huanzia Sakafuni

Karakana ya nyumbani, yaani chumba au banda lililotengwa uani kwa ajili ya kutunza, kutengeneza na kufufua magari ya mwenye nyumba, mara nyingi hujengwa kinyumenyume. Kwanza hununuliwa seti ya spana, kisha kompresa, kisha kabati la kuvitia vyote hivyo, na sakafu ambayo gari litainuliwa juu yake huachwa kama ilivyo, iwe ni udongo ulioshindiliwa au tabaka jembamba la saruji lililobaki tangu nyumba ilipojengwa. Mpango huo wa matumizi ni wa hatari, kwa sababu kinachomlinda mtu aliyelala chini ya gari ni vitu visivyovutia macho ya mgeni: zege, vihimili, mzunguko wa hewa na nyaya zilizofungwa kwa kanuni. Fedha zikiwa chache, na kwa wapenzi wengi wa magari huwa chache, ndivyo vinavyopaswa kutangulia.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa anayefufua gari la zamani kuliko kwa anayebadilisha oili tu. Afrika Mashariki ina urithi mkubwa wa magari hayo, ukichangiwa na Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ambayo yalizipa sifa Peugeot 404 na 504 pamoja na Datsun zilizoshinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Anayeamua kuifufua Peugeot 504 iliyokaa miaka mingi chini ya mwembe hataimaliza kwa wiki moja, kwani gari litavuliwa magurudumu, injini na giaboksi, na huenda likakaa juu ya vihimili kwa miezi, huku watoto wakipita uani na mvua za masika zikilowesha ardhi pembeni. Sakafu inayostahimili gari lililosimama kwa magurudumu yake si lazima istahimili hali hiyo.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Toyota Corolla ina uzito wa takriban kilo 1,100 hadi 1,300, na Land Cruiser kubwa huzidi kilo 2,500. Uzito huo unapobebwa na mipira minne huenea kwenye eneo pana na laini, lakini ukihamishiwa kwenye vihimili vya chuma hukusanyika kwenye miguu myembamba, ambayo kwenye udongo huzama taratibu na kwenye saruji nyembamba huipasua. Kwa magari madogo, jamvi la zege lenye unene wa milimita 100, lililomwagwa juu ya mawe na kifusi kilichoshindiliwa vizuri, hutosha. Anayekusudia kufunga siku moja mashine ya kuinulia gari yenye nguzo mbili afikirie milimita 150 tangu mwanzo, maana bolti zinazoishika mashine hiyo hutegemea zege peke yake, na kuongeza unene baadaye ni sawa na kujenga upya. Mchanganyiko wa saruji ndoo moja, mchanga ndoo moja na nusu na kokoto ndoo tatu hutoa zege la kuaminika, mradi maji yasizidishwe kwa ajili ya kumrahisishia fundi kazi ya kusambaza, kwa kuwa kila lita ya ziada huacha vitundu vidogo inapotoka na kulidhoofisha zege.

Zege hupata nguvu kwa mmenyuko wa kikemia kati ya saruji na maji, mmenyuko ambao hukatika maji yakipotea mapema, na ndiyo maana jamvi hufunikwa kwa magunia mabichi au kumwagiwa maji kwa siku 7 angalau, na nguvu zake hupimwa siku ya 28. Katika jua la Dar es Salaam au Mombasa, kupuuza kazi hii kwa siku mbili tu za mwanzo hutosha kuacha uso unaotoa vumbi kwa maisha yote ya karakana. Mteremko wa sentimita moja kwa kila mita kuelekea mlangoni huyaondoa maji na mafuta yaliyomwagika bila kuathiri uthabiti wa vihimili. Niru, ile saruji laini inayosuguliwa juu ya sakafu za nyumba hadi ing'ae, haifai hapa, kwani huteleza ikiguswa na oili na hubanduka chini ya magurudumu ya jeki.

Ukanda wa pwani una tatizo jingine, nalo ni unyevu unaopanda kutoka ardhini. Karatasi nzito ya nailoni ikitandikwa chini ya jamvi kabla ya zege kumwagwa huuzuia, na ni kazi isiyoweza kurudiwa baadaye. Kwa sakafu iliyopo tayari kuna kipimo rahisi: kipande cha nailoni angavu chenye upana wa nusu mita hubandikwa sakafuni kwa utepe pande zote nne na kuachwa usiku kucha hadi kesho yake. Matone yakionekana upande wa chini, au zege likiwa limekoza rangi chini yake, basi rangi ya epoksi, ambayo ni rangi ngumu ya kemikali mbili zinazochanganywa wakati wa kupaka, itabanduka hata ikiwa ya bei ghali, na ni heri fedha zake zitumike kwingine.

Baada ya sakafu hufuata vihimili. Jeki ya haidroliki hufanya kazi kwa kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba shinikizo linalotiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote, hivyo nguvu ndogo ya mkono kwenye pistoni nyembamba hugeuka kuwa nguvu kubwa kwenye pistoni pana. Udhaifu wa kifaa hicho umo katika ubora wake huohuo: kinachozuia gari lisishuke ni mafuta yaliyozuiwa na sili ya mpira, na sili hiyo ikikatika, gari hushuka bila onyo. Kwa hiyo jeki ni chombo cha kuinulia, na kazi ya kushikilia ni ya vihimili, yaani stendi za chuma zenye uzito unaokubalika ulioandikwa juu yake. Mawe, rimu zilizopangwa na matofali ya saruji havichukui nafasi ya stendi. Tofali lenye matundu ndilo baya kuliko vyote, kwa sababu zege hustahimili kukandamizwa lakini huvunjika ghafla likipindwa, na tofali linalobeba ekseli kwenye ncha moja hupindwa. Stendi zikishawekwa chini ya chesisi au ekseli, na magurudumu yaliyobaki chini yakishatiwa kabari, gari husukumwa kwa nguvu kutoka ubavuni kabla ya mtu yeyote kuingia chini. Likitikisika, hushushwa na kazi huanza upya. Gurudumu lililofunguliwa hulazwa chini ya kizingiti cha mlango wa gari, ili stendi ikishindwa pawepo nafasi ya mwili wa binadamu.

Mafundi wengi wa gereji hulipenda shimo la ukaguzi, yaani handaki lililochimbwa sakafuni ili fundi asimame chini ya gari. Kwa karakana ya nyumbani shimo hilo halishauriwi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa kwa takriban mara tatu hadi nne, hivyo hutambaa sakafuni na kujaa handakini, na mchanganyiko wenye mvuke wa asilimia 1.4 tu unatosha kulipuka ukikutana na cheche ya taa ya mkononi. Isitoshe, katika maeneo mengi ya pwani maji ya ardhini yako karibu, na shimo hugeuka kisima wakati wa masika. Rampu mbili imara za chuma hutimiza sehemu kubwa ya kazi hiyo bila hatari hizo. Tabia hiyohiyo ya mvuke ndiyo inayoeleza kanuni za ujenzi za Marekani zinazotaka vifaa vinavyoweza kuwasha moto viwekwe angalau inchi 18, takriban sentimita 45, juu ya sakafu ya gereji, kanuni inayofaa kuigwa wakati wa kupanga soketi. Pia inaeleza kwa nini matundu ya hewa yawe chini ya ukuta na juu pia, badala ya dirisha moja la juu. Moshi wa injini huleta hatari ya aina nyingine: kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na injini isiwashwe kamwe mlango ukiwa umefungwa, hata kwa dakika chache za kusikiliza tapeti.

Kuhusu umeme, soketi ya pini tatu ya amperi 13 kwenye volti 230 hutoa takriban wati 3,000. Kompresa ya nguvu farasi 2 hutumia nusu ya hizo ikishazunguka, lakini inapoanza huvuta mkondo mkubwa zaidi mara kadhaa, jambo linalounguza ekstenshoni nyembamba zilizounganishwa moja baada ya nyingine. Karakana ipewe laini yake kutoka kwenye bodi kuu, waya wa athi uliopimwa, na kifaa kinachokata umeme mara mkondo wa miliamperi 30 unapovuja, kwa kuwa mtu anayeshika grenda akiwa amesimama pekupeku kwenye zege bichi huwa ndiye njia ya umeme kuelekea ardhini. Taa zipangwe kwa mistari miwili pembeni mwa gari, kwani taa moja ya katikati huangaza paa na kuitia injini kivuli cha boneti.

Hewa ya bahari ni adui wa kudumu wa chuma. Kutu huongeza kasi unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 60, na chumvi huishusha zaidi kadiri hiyo, hali ambayo Tanga, Zanzibar na Mombasa huishi nayo karibu mwaka mzima. Spana zifutwe kwa kitambaa chenye oili kila baada ya kazi, na kabati lisigusane na ukuta. Turubai la nailoni lisilopitisha hewa huliozesha gari kuliko kuliacha wazi ndani ya banda, kwa kuwa hufungia chini yake unyevu wa usiku. Tangi la kompresa litolewe maji kila siku ya kazi, maana hewa inapobanwa mvuke wake hugeuka maji na kulila tangi kutoka ndani. Mafuta ya breki ndiyo yanayosahaulika zaidi: aina ya DOT 4 huchemka kwenye nyuzi 230 za Selsiasi ikiwa mpya, lakini ikishanyonya maji kwa asilimia chache kiwango hicho huweza kushuka hadi 155, hivyo chupa iliyofunguliwa mwaka jana pwani haifai tena kutiwa kwenye gari.

Vifaa vyenyewe havihitaji maneno mengi. Magari ya Kijapani hufunguka kwa spana namba 10, 12, 14, 17 na 19, ilhali Land Rover za zamani hudai vipimo vya inchi. Benchi na jiliwa yake huweza kuchomelewa na mafundi chuma wa Kamukunji jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam kwa ubora usiopungua wa dukani. Spana ya kupimia mkazo inunuliwe mapema, kwani nati za magurudumu zikikazwa kwa kukisia hulegea au hukata bolti.

Oili iliyotumika ina metali na kemikali zenye sumu, na ikimwagwa uani hufika kisimani. Ikusanywe kwenye madumu yenye vifuniko na kupelekwa kwa wakusanyaji waliosajiliwa. Betri zinahitaji uangalifu zaidi, na Mombasa inajua gharama yake: katika kitongoji cha Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha risasi ya betri chakavu kiliwaathiri wakazi kiasi kwamba mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri iliyokufa ihifadhiwe wima ndani ya beseni la plastiki, mbali na watoto na mahali pa kuchomelea, kisha irudishwe kwa muuzaji anayezipokea zilizochakaa, wala isiuzwe kwa mpita njia anayenunua vyuma kwa kilo.